Alama Moja, Maombi Mengi: Ada za Kugawa Maombi ya Alama ya Biashara

(Mazungumzo na wananchi wa Busunzu, wilayani Kibondo, mkoa wa Kigoma)



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa la mijini na la watu wenye makampuni makubwa, lakini ambalo kwa kweli limekaa juu ya kila chupa ya asali, kila kipande cha sabuni na kila mfuko wa unga unaouzwa kwenye barabara hii ya Kasulu na Kibondo. Jambo lenyewe ni alama ya biashara, na hasa gharama inayompata mwenye alama anapolazimika kuyagawa maombi yake, badala ya kuwa ombi moja yakawa mawili, matatu au zaidi.

Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vikundi vingi vya wazalishaji wadogo huanza kwa ari, hukusanya michango, hulipa ada, kisha hukwama katikati ya safari kwa kuwa hawakujua tangu mwanzo kwamba malipo ya kwanza si malipo ya mwisho. Ya pili ni kwamba mlaji, yaani kila mmoja wetu anayenunua, ana haki ya kuelewa alama iliyo kwenye bidhaa inamlinda kwa kiasi gani, na inapoishia ni wapi.

Alama ya biashara ni nini, na inamlinda nani

Alama ya biashara ni neno, mchoro au muunganiko wa vitu hivyo, unaomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa ya mtu mmoja na bidhaa ya mtu mwingine. Inapohusu huduma, kwa mfano usafirishaji au nyumba ya wageni, huitwa alama ya huduma. Tanzania Bara jambo hili linaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na daftari la alama zilizosajiliwa hutunzwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, tunaoufahamu kwa jina la BRELA.

Wengi hudhani kwamba alama ipo kwa faida ya muuzaji peke yake. Sivyo. Mama anayenunua asali kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi hana maabara nyumbani. Hawezi kujua kwa macho kama kilichomo chupani ni asali ya misitu ya Kibondo au ni sukari iliyochemshwa. Alichonacho ni kumbukumbu: mara iliyopita alinunua yenye mchoro fulani, ikawa nzuri. Mtu mwingine akiuiba mchoro ule, anayeibiwa kwanza ni yule mama.

Ndiyo maana nchi yetu ina vyombo kadhaa katika jambo hili, na kila kimoja kina kazi yake. BRELA husajili alama. Shirika la Viwango, yaani TBS, hushughulikia ubora. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupambana na bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Tunaomba mlikumbuke hili: alama iliyosajiliwa huonyesha bidhaa ni ya nani. Haithibitishi kwamba bidhaa ni bora.

Madaraja arobaini na tano

Ili tuielewe ada, ni lazima kwanza tuyaelewe madaraja. Mwaka 1957, katika mji wa Nice nchini Ufaransa, mataifa yalikubaliana juu ya utaratibu wa kupanga bidhaa na huduma zote za dunia katika makundi. Leo makundi hayo ni 45: la 1 hadi la 34 ni ya bidhaa, na la 35 hadi la 45 ni ya huduma. Tanzania hutumia mpango huo huo.

Tuangalie mazao ya hapa. Asali iko daraja la 30, pamoja na kahawa na unga wa muhogo. Nta ya nyuki na mishumaa iko daraja la 4. Sabuni ya kufulia na ya kuogea iko daraja la 3. Mawese ya kupikia na maharage makavu yako daraja la 29, lakini maharage mabichi yako daraja la 31. Kwa hiyo nyuki wale wale, wa mzinga ule ule, hutoa asali ya daraja la 30 na nta ya daraja la 4. Na nta ile ikitiwa katika sabuni, tumekwisha kufika daraja la 3.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Tanzania Bara kila daraja huombewa kwa ombi lake. Mwenye asali, mishumaa na sabuni, hata kama jina ni moja na mchoro ni mmoja, anawasilisha maombi matatu. Nchi nyingine, kwa mfano Kenya, huruhusu madaraja kadhaa yaingie katika ombi moja, na ada huongezeka kwa kila daraja linaloongezwa.

Kwa nini mtu agawe ombi lake

Tuchukue mfano. Tuseme kipo kikundi cha wafugaji nyuki chenye wanachama ishirini. Wanauza asali, mishumaa na sabuni, na wamechagua mchoro wa ngoma pamoja na neno Ingoma. Ni neno zuri kwa kazi hiyo, kwa sababu ngoma haielezi asali wala sabuni. Wangechagua neno “Inzuki”, ambalo kwa wenyeji wa hapa ni nyuki wenyewe, au neno “Kibondo”, ambalo ni jina la mahali, Msajili angewauliza kwa haki kabisa: je, wafugaji wengine wote wa nyuki nao wasiseme kwamba wana nyuki, au kwamba wametoka Kibondo?

Sasa tuseme wako katika nchi inayoruhusu ombi moja la madaraja matatu. Wamewasilisha. Baada ya muda wanapata barua: asali haina tatizo, mishumaa haina tatizo, lakini yupo mtengeneza sabuni katika mkoa mwingine mwenye alama inayofanana sana na yao. Ombi lote linasimama. Asali imefungwa mguu kwa kosa la sabuni.

Dawa ya tatizo hili ndiyo inayoitwa kugawa ombi. Mwombaji humwomba Msajili aitenge sabuni katika ombi lake peke yake. Asali na mishumaa huendelea na safari, na sabuni hubaki nyuma ikijibiwa hoja zake. Jambo la thamani katika utaratibu huo ni tarehe. Ombi lililozaliwa kwa kugawanywa hubaki na tarehe ya ombi mama, kana kwamba liliwasilishwa siku ile ile. Mkataba wa Sheria ya Alama za Biashara wa mwaka 1994 uliliweka hilo wazi katika kifungu chake cha 7, na wakati huo huo ukaziachia nchi wanachama uhuru wa kutoza ada kwa kazi hiyo.

Ada hizo hazifanani. Marekani, kwa mfano, hutoza dola 100 kwa kila ombi jipya linalozaliwa kwa kugawanywa. Katika utaratibu wa kimataifa wa Madrid, kugawa usajili wa kimataifa kulianza kuruhusiwa tarehe 1 Februari 2019, na ada yake iliwekwa kuwa faranga za Uswisi 177. Tumezitaja takwimu hizi ili muone kanuni iliyo nyuma yake: kugawa ni kazi ya ofisi, na hulipiwa, tena kila kipande kinachozaliwa huanza kudai malipo yake chenyewe.

Mgawanyo wetu hufanyika mlangoni

Kwa kuwa Tanzania Bara kila daraja lina ombi lake, sisi mgawanyo huu tunaufanya mwanzoni, kabla ya kuingia. Kikundi cha Ingoma kingewasilisha maombi matatu, na sabuni ikipata pingamizi, asali na mishumaa isingeguswa. Kwa namna hiyo, malipo makubwa ya mwanzo ni kama malipo ya kujenga kuta kati ya vyumba: moto ukiwaka jikoni, chumba cha kulala kinasalimika.

Lakini ukuta huo upo kati ya daraja na daraja. Ndani ya daraja moja hakuna ukuta, na hapo ndipo vikundi vingi vinapoumia.

Tuseme kikundi chetu kimeandika katika ombi la daraja la 30: asali, unga wa muhogo na kahawa. Kahawa hawana bado; wameiandika kwa matumaini, kwa kuwa ndugu zao wa Manyovu wanailima. Ombi linakubaliwa na kutangazwa katika jarida la Msajili. Tangu siku ya kutangazwa, mtu yeyote mwenye hoja ana siku 60 za kuweka pingamizi. Siku ya arobaini, mwenye alama ya kahawa inayofanana na Ingoma anaweka pingamizi. Kikundi kina njia zipi?

Njia ya kwanza ni kupigania kila kitu. Inawezekana, lakini asali na unga vitasubiri hadi shauri la kahawa limalizike, na shauri lina gharama zake: kuandaa majibu, kukusanya ushahidi, nauli, na pengine wakili.

Njia ya pili ni kukubali kupunguza orodha. Sheria inampa Msajili uwezo wa kukubali ombi pamoja na marekebisho, masharti au mipaka. Kikundi kinaiondoa kahawa, pingamizi linakosa shabaha, na asali na unga huendelea. Hii mara nyingi ndiyo njia nafuu kuliko zote. Hata hivyo ina bei yake iliyojificha. Kilichoondolewa kimeondoka na tarehe yake. Iwapo kikundi kiliwasilisha ombi mwezi Machi, mtu mwingine akawasilisha alama yake ya kahawa mwezi Juni, nao wakarudi na ombi jipya la kahawa mwezi Septemba, basi kwenye foleni wao watasimama nyuma ya yule wa Juni, ingawa wazo la kahawa walikuwa nalo tangu Machi.

Njia ya tatu ilipaswa kuchukuliwa kabla ya yote: kukaa chini, kutazama orodha, na kujiuliza ni bidhaa ipi yenye hatari ya kupingwa. Bidhaa hiyo huombewa peke yake, au huachwa hadi itakapokuwepo kweli. Kuiweka peke yake ni kulipa ada ya ombi zaidi. Lakini ni kulipa kwa hiari, kwa wakati mnaouchagua ninyi, wala si kwa wakati anaouchagua mpinzani wenu.

Hesabu ya ada, hatua kwa hatua

Tunapenda sasa tufanye hesabu pamoja. Hatutataja shilingi, kwa sababu viwango huwekwa kwa kanuni na hubadilishwa; kijitabu hiki kinaweza kukaa kabatini miaka mitano. Kiwango cha siku husika mtakiona kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa njia ya mtandao, ulioanza kutumika mwaka 2018. Lakini idadi ya malipo haitegemei kiwango, na idadi ndiyo inayowashtua watu.

Ombi moja la daraja moja hupitia malipo matatu: la kwanza ni ada ya kuwasilisha, la pili ni la kutangaza, na la tatu ni la usajili wenyewe na cheti. Kwa asali peke yake, basi, andikeni tatu. Kwa asali, mishumaa na sabuni, andikeni tisa. Mkiamua kuitenga kahawa katika ombi lake, andikeni kumi na mbili.

Kisha kuna kuhuisha. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Alama iliyoombwa mwaka 2025 itahitaji kuhuishwa mwaka 2032, na ikihuishwa itafika mwaka 2042. Kila usajili huhuishwa kwa ada yake. Wenye kusajili madaraja matatu watalipa kuhuisha mara tatu, na wenye manne watalipa mara nne. Hili ndilo linalosahaulika: kila mnapoongeza ombi, mnaongeza pia deni la miaka ijayo.

Je, basi ushauri wetu ni kusajili kila kitu, au kusajili kimoja? Ushauri wetu ni huu. Sajilini kile mnachokiuza leo. Ongezeni kile mtakachokiuza katika kipindi kifupi kijacho na ambacho mmekwisha kukiandalia. Msisajili ndoto. Alama isiyotumika kwa muda mrefu mfululizo inaweza kuondolewa daftarini kwa ombi la mtu mwingine, na ada mliyoilipia msitarajie kuiona tena. Wala msijibane kupita kiasi: bidhaa ambayo haikuandikwa kwenye ombi haiwezi kuchomekwa baadaye, itahitaji ombi jipya lenye tarehe mpya.

Kabla ya kulipa ada yoyote, fanyeni upekuzi kwanza. Ulizeni kama jina lenu au linalofanana nalo limekwisha kusajiliwa kwa bidhaa hizo. Kikundi cha Ingoma kingefanya upekuzi, kingeligundua lile jina la sabuni mapema, na kingechagua jina jingine kwa bidhaa zote, au kingeiacha sabuni kando. Mgawanyo ulio nafuu kuliko wote ni ule ambao haukuhitajika.

Kikundi kinapogawanyika

Sasa tunafika mahali pagumu, nasi tunaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo hili linagusa undugu.

Ombi hugawanywa pia kwa sababu nyingine: watu wamegawanyika. Kina mama waliokuwa wakitengeneza sabuni wanaamua kujitegemea. Wanadai ngoma ni yao pia. Walichangia sawa na wafugaji. Shamba hugawanywa kwa kupima hatua. Mizinga hugawanywa kwa kuhesabu. Lakini jina halipimwi kwa hatua.

Katika hali hiyo, kama sabuni ilisajiliwa kwa usajili wake, upo uwezekano wa kuuhamisha usajili huo kwa kikundi kipya, kwa maandishi na kwa kumjulisha Msajili, na kwa ada ya uhamisho. Kama bidhaa zote zilirundikwa pamoja, kazi ni ngumu zaidi na gharama ni kubwa zaidi. Na hata pale uhamisho unapowezekana, lipo swali la mlaji, ambalo sheria hailipuuzi: je, mnunuzi atakapoona ngoma juu ya sabuni na ngoma juu ya asali hatadhani kwamba vyote vimetoka kwa watu wale wale? Msiyafanye makubaliano ya ndani yenu kuwa mtego kwa mteja wenu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasilisha ombi, jibuni maswali mawili na kuyaandika kwenye kumbukumbu za mkutano. La kwanza: ombi linawasilishwa kwa jina la nani? Tumeona vikundi ambavyo mwanachama mmoja, kwa nia njema, aliwasilisha kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na simu nzuri na namba ya kitambulisho cha Taifa mkononi. Miaka ikapita, akahama au akafariki, na kikundi kikakuta kwamba mbele ya sheria jina lao si lao. Sajilini kikundi au kampuni kwanza, kisha alama iandikwe kwa jina hilo. La pili: tukitengana, nani atabaki na alama ya bidhaa ipi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina ni mali, nalo lina daftari lake.

Mipaka ya nchi

Busunzu haiko mbali na Burundi, na tunajua kwamba biashara haisimami mpakani. Basi fahamuni kwamba usajili wa alama huishia kwenye mpaka. Usajili wa Tanzania Bara hauwalindi Burundi wala Kenya. Hauwalindi hata Zanzibar, ambako kuna sheria na daftari lake. Kila eneo mnaloongeza lina ombi lake na ada zake, na huo nao ni mgawanyo wa aina yake.

Wala msidhani kwamba majina yetu hayatamaniwi na wa mbali. Mwaka 2006 kampuni moja nchini Uingereza iliomba kusajili huko neno ambalo kila mtu wa pwani ya Afrika Mashariki analijua, kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza. Watetezi wa wafumaji wa Kenya waliweka pingamizi, na ombi lile halikufika kwenye usajili. Pingamizi, basi, ni mlango wa haki, si uadui. Leo linaweza kuwekwa dhidi yenu. Kesho ninyi ndio mtakaoliweka.

Jihadharini na haya

Kwanza, msimpe mtu fedha mkononi kwa maneno kwamba atawalipia ada ya kugawa au ya kuharakisha. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, kupitia benki au simu. Asiyeweza kuwaonyesha namba hiyo na stakabadhi yake, mwacheni aende. Vishoka hupenda maneno magumu, na “mgawanyo wa maombi” ni maneno magumu ya kutosha kumtoa mtu fedha.

Pili, mkimtumia wakala au wakili wa halali, ni haki yenu kudai hesabu mbili zilizotengwa: hii ni ada ya Serikali, na hii ni ada yangu ya kazi. Ulizeni pia kabla hajaanza: ni maombi mangapi, ya madaraja yapi, na kila moja litadai malipo mangapi hadi cheti?

Tatu, tunzeni tarehe. Siku 60 za pingamizi hazimsubiri aliyekwenda msituni kurina asali. Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia barua na ujumbe wa mfumo, na mwingine wa kumkumbusha.

Nne, kwako wewe mnunuzi: ukiona herufi R ndani ya duara, ina maana mwenye bidhaa anadai kwamba alama hiyo imesajiliwa. Usajili huo ni wa bidhaa zilizoorodheshwa tu. Alama iliyosajiliwa kwa asali haimaanishi kwamba sabuni yenye mchoro ule ule ina mwenyewe yule yule. Ukiwa na shaka, uliza, hifadhi chupa na risiti, na toa taarifa. Malalamiko yasiyo na kielelezo ni kama mzinga usio na nyuki.

Hitimisho

Ndugu wananchi, hatukuja kuwatisha kwa hesabu ya malipo. Tumekuja kwa sababu tunaamini kwamba kikundi kinachoijua gharama yote kabla ya kuanza ndicho kinachofika mwisho. Kanuni za kukumbuka ni chache: pekueni kabla ya kulipa, pangeni bidhaa zenu kwa madaraja, tengeni mapema ile yenye hatari ya kupingwa, hesabuni malipo hadi mwaka wa kuhuisha, na andikeni nani ni mwenye jina.

Mfugaji wa nyuki hatundiki mizinga yake yote juu ya mti mmoja, wala haitawanyi hadi asiweze kuizungukia. Huchagua miti, huhesabu hatua zake, na huikumbuka njia ya kurudi. Fanyeni hivyo hivyo na maombi yenu.

Sasa tuko tayari kwa maswali yenu, na tungependa kuanza na kina mama wa sabuni.